Sanad na Matini: Kuzipima Habari za Kivoi na Syokimau kwa Mizani ya Wanasira

Utangulizi

Katika tasnifu nyingi za fasihi simulizi zinazoandikwa vyuoni mwetu, msomaji hukutana tena na tena na kauli moja: wazee wanasema. Ni wazee gani, walisikia kwa nani, lini, na mbele ya hadhira ipi, hayo aghalabu hayaelezwi. Katika tasnifu hizo hizo, kitabu cha mmisionari au cha afisa wa serikali ya kikoloni hutajwa kwa mwaka wake na ukurasa wake, na kauli iliyomo ikahesabiwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo neno la mdomo huingia katika uhakiki likiwa halina mwenyewe, na neno la kitabu huingia likiwa halina maswali.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Hoja yetu ni kuwa kitabu nacho ni riwaya, yaani habari iliyopokewa na mtu fulani kutoka kwa mtu fulani kwa sababu fulani, na kwamba masimulizi ya wazee na maandishi ya wageni yapaswa kuwekwa juu ya mizani moja. Mizani hiyo tutaiazima kwa wanazuoni wa mwanzo wa Kiislamu walioshughulikia sira, maghazi na vitabu vya tabaka. Kisha tutaitumia kupima habari mbili za Ukambani. Ya kwanza ni habari ya kifo cha Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851. Ya pili ni habari ya utabiri wa Syokimau juu ya nyoka mrefu wa chuma, habari ambayo haiwezi kutengwa na reli inayokatiza Makueni.

Tumezichagua habari hizi mbili kwa makusudi. Moja ina msimulizi mmoja aliyeandika. Nyingine ina wasimulizi wengi wasiohesabika. Matatizo yao ni tofauti, na wanasira walikwisha kukutana na yote mawili.

Mizani ya wanasira

Habari ya sira ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni sanad, yaani mlolongo wa majina ya wapokezi. Sehemu ya pili ni matini, yaani maneno yenyewe yanayosimuliwa. Kwa mfano, msomaji wa kitabu cha Ibn Hisham, aliyefariki mwaka 218 Hijria (833), huweza kusoma tukio ambalo mwandishi amelipata kwa al-Bakkai, naye kwa Ibn Ishaq aliyefariki mwaka 150 (767), naye kwa al-Zuhri aliyefariki mwaka 124 (742), naye kwa Urwa bin al-Zubayr, naye kwa khalati yake, Bibi Aisha. Kila jina katika mlolongo huo ni pingili inayoweza kuchunguzwa.

Uchunguzi huo ulikuwa na maswali yake. Je, mpokezi alikutana na yule anayedai kumsikia? Je, kumbukumbu yake ni nzuri? Je, anajulikana kwa ukweli? Je, ana maslahi katika jambo analolisimulia? Elimu ya kuwapima wapokezi, iitwayo jarha na taadili, ilizaa makamusi makubwa ya wasifu. Ibn Sa'd, aliyefariki mwaka 230 (845), aliwapanga watu kwa vizazi na kwa miji ili ijulikane nani aliweza kumsikia nani. Kwa hiyo, tangu mwanzo, wasifu katika utamaduni huo ulikuwa pia chombo cha uhakiki wa habari.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hukumu juu ya mpokezi haikuwa ya jumla. Al-Waqidi, mwalimu wa Ibn Sa'd, alihesabiwa dhaifu na wanahadithi wakubwa, lakini waandishi wa maghazi hawakuacha kumnukuu, kwa sababu ujuzi wake wa vita, tarehe na mahali ulikuwa mpana. Ibn Ishaq mwenyewe alishutumiwa vikali na Malik bin Anas wa Madina, ilhali Shu'ba wa Basra alimsifu. Mtu aweza kuaminiwa katika jambo hili na kutiliwa shaka katika jambo lile. Kanuni hii tutaihitaji tutakapofika Kitui.

Matini nayo ilipimwa, na kipimo kimoja kikubwa kilikuwa tarehe. Mfano maarufu ni wa al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 (1071). Aliletewa hati iliyodaiwa kuwa ya Mtume, ikiwasamehe Wayahudi wa Khaybar kodi ya jizya. Hati ilikuwa na majina ya mashahidi. Al-Khatib aliikataa kwa sababu mbili fupi: Muawiya, mmoja wa mashahidi, alisilimu mwaka wa 8, mwaka wa kutekwa Makka, na Sa'd bin Mu'adh, shahidi mwingine, alifariki mwaka wa 5, Khaybar ilitekwa mwaka wa 7. Hapa ikumbukwe kwamba kilichokataliwa ni maandishi, na yalikataliwa kwa nguvu ya habari za wasifu zilizohifadhiwa na wapokezi.

Mfano wa pili unahusu utabiri, nao unatugusa kwa karibu zaidi. Katika mkusanyo wa al-Tirmidhi imo habari ya mtawa Bahira aliyemtambua Mtume akiwa bado kijana katika msafara wa Sham. Mwisho wa habari hiyo unasema kwamba Abu Bakr alimtuma Bilal kufuatana naye kurudi. Al-Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 (1348), aliipinga riwaya hii kwa kuwa Abu Bakr wakati huo alikuwa mtoto na Bilal alikuwa hajawa wake. Mwanazuoni huyu hakuwa mtu wa kukana unabii. Alichokifanya ni kutenganisha imani yake na udhaifu wa riwaya moja. Mtafiti wa fasihi simulizi ana la kujifunza hapa: kuihoji riwaya ya utabiri si kumvunjia heshima nabii wala wanaomwamini.

Kuna istilahi nyingine tatu zitakazotufaa. Habari ya mmoja ni ile iliyopokewa kwa njia ya mtu mmoja. Habari mutawatiri ni ile iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka, kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana kuitunga. Mursali ni habari ambayo pingili yake ya juu imeachwa, kama pale mtu aliyezaliwa baada ya tukio anapolieleza bila kumtaja aliyelishuhudia. Aidha wapo waliounganisha riwaya nyingi kuwa simulizi moja. Al-Zuhri na Ibn Ishaq walifanya hivyo, wakatanguliza maelezo kwamba kila mpokezi alileta sehemu yake. Wanahadithi wengine hawakuupenda mtindo huu kwa kuwa huficha nani alisema nini. Hata hivyo, wenye kuutumia angalau walikiri kwamba wameutumia.

Katika karne ya 20 mjadala huu ulichukua sura mpya. Joseph Schacht, mwaka 1950, alidai kwamba sanad nyingi zilikamilishwa baadaye na kurudishwa nyuma. Harald Motzki na Gregor Schoeler, hasa kuanzia miaka ya 1990, walijibu kwa kulinganisha sanad na matini kwa pamoja. Ikiwa tofauti za maneno zinafuatana na matawi ya sanad, basi kuna upokezi wa kweli hadi pale matawi yanapokutana. Ikiwa hazifuatani, kuna sababu ya kushuku. Njia hii haihitaji mtu aanze kwa kuamini wala kwa kukana.

Habari inapokua: kutoka Tabuk hadi Pate

Kabla ya kuingia Ukambani, yafaa tuone jinsi mizani hii ilivyo karibu nasi. Fasihi ya Kiswahili ni mrithi wa sira. Chuo cha Herekali, kijulikanacho pia kama Utenzi wa Tambuka, kilitungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo. Mada yake ni msafara wa Tabuk wa mwaka wa 9 Hijria (630). Katika Ibn Ishaq, msafara ule ulikwisha bila mapigano na jeshi la Warumi. Katika utenzi, yametokea mapambano makubwa na majeshi ya Herekali, na mashujaa wamepewa vita ambavyo historia haikuwapa.

Mhakiki anaweza kusema kwamba mtunzi wa Pate alipotoka. Hiyo itakuwa hukumu ya haraka. Baina ya Ibn Ishaq na Pate kuna karibu miaka elfu moja na kuna tabaka la hadithi za maghazi za Kiarabu zilizosimuliwa kwa umma, ambamo mambo ya Mu'ta na ya Tabuk yalikwisha kuchanganyika. Mtunzi alipokea kutoka tabaka hilo. Tukiijua pingili hiyo, tunaacha kuuliza kwa nini utenzi si sira na tunaanza kuuliza ni haja gani ya wasikilizaji iliyoufanya msafara usio na vita uhitaji vita. Ufuatiliaji wa sanad umetufikisha kwenye ufasiri.

Mkondo wa tabaka nao haukukoma. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipoandika kwa Kiswahili juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, alitaja nani alisoma kwa nani, wapi, na alimfundisha nani. Kwa hakika huo ni mtindo wa Ibn Sa'd katika lugha yetu. Mizani tunayoizungumzia, basi, si ngeni katika maktaba ya Kiswahili. Ugeni uko katika kuivusha kutoka pwani hadi bara, na kutoka habari za dini hadi habari za Wakamba.

Kivoi wa Mwendwa: habari ya mmoja

Kivoi wa Mwendwa aliongoza misafara ya pembe za ndovu kati ya Kitui na pwani ya Mombasa katikati ya karne ya 19, wakati ambapo Wakamba walikuwa na sehemu kubwa ya biashara hiyo mikononi mwao. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alimtembelea Kitui mwishoni mwa mwaka 1849. Mwaka 1851 alirudi. Mwezi wa Agosti walisafiri pamoja kuelekea mto Tana, wakashambuliwa njiani, na Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Krapf alinusurika, akaenda peke yake kwa njaa na kiu. Baadaye alichapisha habari za safari zake, kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860.

Karibu kila kitabu kinachotaja kifo cha Kivoi kinategemea maandishi hayo, moja kwa moja au kwa kunukuu aliyeyanukuu. Mtafiti anayeorodhesha vitabu kumi akidhani ana mashahidi kumi amekosea hesabu, kwani ana shahidi mmoja. Kwa istilahi za wanasira, hii ni habari ya mmoja, na wingi wa wanukuzi wa baadaye hauigeuzi kuwa mutawatiri.

Tumpime mpokezi huyu. Katika jambo moja alithibitika kuwa mkweli mbele ya wapinzani wake. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa nyumbani kwa Kivoi, aliuona mlima wenye theluji ambao mwenyeji wake alikuwa amemweleza habari zake. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kufika huku, aliikataa habari hiyo kwa hoja kwamba theluji karibu na ikweta ni jambo lisilosadikika. Safari ya Joseph Thomson ya mwaka 1883 iliondoa shaka. Cooley aliipima matini kwa kile alichokiona kuwa kinawezekana, akapuuza kwamba nyuma ya mmisionari alikuwapo mpokezi wa Kikamba aliyeijua nchi kwa kuitembea. Kwa hiyo uhakiki wa matini nao una hatari yake pale mhakiki anapofanya mipaka ya ujuzi wake kuwa mipaka ya dunia.

Jina la mlima lenyewe ni somo katika sanad. Wakamba huuita Kiinyaa, na Wagikuyu Kirinyaga. Umbo aliloliandika Krapf lilikuwa karibu na matamshi ya Kikamba, na kutoka hapo likaja jina Kenya, ambalo baadaye likawa jina la nchi nzima. Jina la taifa letu, kwa njia hiyo, limetufikia kupitia masikio ya Krapf na vinywa vya wenyeji wake wa Kitui, ingawa vitabu humtaja Krapf kama mvumbuzi na kumwacha Kivoi kama mwenyeji tu. Kwa mizani ya wanasira, Kivoi ndiye pingili ya juu na Krapf ni mpokezi wake.

Katika habari ya kifo, hata hivyo, hali ya Krapf inabadilika. Hapa si msafiri anayeeleza alichokiona kwa mbali. Ni mtu aliyekuwa na marehemu, akabaki hai, na akalaumiwa. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba jamaa za Kivoi walimtuhumu kwa kutokufa pamoja na rafiki yake au kumwokoa, na kwamba alitoroka usiku akihofia maisha yake. Anaeleza pia kwamba wakati wa shambulio alifyatua bunduki hewani kwa kuwa hakutaka kumwaga damu ya binadamu. Mpokezi mwenye maslahi katika habari hapokelewi kwa namna ile ile anavyopokelewa asiye na maslahi.

Je, tuitupe habari yote? La. Wanasira wanatufundisha kuigawa. Safari, shambulio na kifo ni mambo ambayo Krapf hakuwa na faida ya kuyazua, kwani yaliiangusha mipango yake ya kujenga kituo Ukambani. Tuhuma za jamaa za Kivoi ni sehemu yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu mpokezi anasimulia dhidi yake mwenyewe. Katika sira, kushindwa kwa Waislamu huko Uhud mwaka wa 3 Hijria (625) kumehifadhiwa pamoja na majina ya waliouawa, na msomaji huona mara moja kwamba habari kama hiyo haikutungwa kwa kujisifu. Kwa upande mwingine, maelezo ya bunduki iliyofyatuliwa hewani yanamhusu mpokezi peke yake, yanamtetea, na hayana shahidi mwingine. Hayo tutayanukuu kama utetezi wa Krapf, wala hatutayaandika kama tukio.

Kuna faida ya pili katika mgawanyo huu. Ndani ya kitabu cha mmisionari imo sauti ya Kitui ya mwaka 1851. Jamaa za Kivoi walikuwa na fasiri yao ya wajibu wa mwenzi wa safari: anayekula na wewe njiani hakuachi njiani. Krapf anaileta fasiri hiyo kama tishio la kumwua. Tukisoma sanad vizuri, tunaweza kuitoa katika hofu yake na kuisoma kama hoja ya kimaadili. Mtafiti anayetafuta fasihi simulizi ya Kitui ya karne ya 19 hana budi kuitafuta humo pia, na kuwauliza wazee wa leo kama wanayo habari hii kwa njia isiyopitia kitabu.

Syokimau: wasimulizi wengi

Habari ya Syokimau ina tatizo la kinyume. Inasimuliwa kote Ukambani kwamba mwathani huyu mwanamke aliona, kabla ya kuja kwa Wazungu, nyoka mrefu atakayetambaa nchini, mkia wake katika maji ya mashariki na kichwa chake katika maji ya magharibi, na watu wa ngozi ngeni wanaobeba moto mifukoni. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita nchi ambayo leo ni Makueni kwa Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, mahali palipokuja kuitwa Kisumu, mwaka 1901.

Msimulizi husema kwamba habari hii ni ya hakika kwa kuwa kila mtu anaijua. Hii ni hoja ya mutawatiri. Lakini sharti la mutawatiri ni wingi katika kila tabaka, pamoja na wapokezi kutotegemeana. Wasimulizi elfu wa leo waliosoma kitabu kimoja cha shule ni mpokezi mmoja. Habari ya Syokimau imefundishwa madarasani kwa vizazi kadhaa, na msimulizi mwenye umri wa miaka 60 huenda aliisikia kwa nyanya yake, kwa mwalimu wake, au kwa wote wawili bila kukumbuka ni yupi alitangulia. Tabaka la leo lina wingi. Tabaka la mwaka 1895, lile ambalo ndilo hasa linalohitajika ili tuseme kwamba utabiri uliitangulia reli, hutajwa kwa maneno wazee wetu walisema. Kwa istilahi yetu hiyo ni mursali.

Tena nyoka huyu hayuko Ukambani peke yake. Wagikuyu wanaye katika utabiri wa Mugo wa Kibiru, ambao Jomo Kenyatta aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1938. Wanandi wanaye katika utabiri wa Kimnyole. Mtu anaweza kuliangalia jambo hili kwa namna mbili. Anaweza kusema kwamba manabii watatu waliokuwa mbalimbali waliona jambo moja, na hivyo wanashuhudiana. Anaweza pia kusema kwamba jamii tatu zilizopitiwa na reli moja zililipa jambo hilo hilo umbo la nyoka, na kwamba vitabu na shule vikaziunganisha habari zao. Wingi wa riwaya peke yake hauamui. Kinachoamua ni kulinganisha maneno na njia za upokezi, tawi kwa tawi.

Matini yenyewe inatoa kidokezo. Nyoka wa Syokimau ana miisho miwili, nayo ni bahari na ziwa. Umbo hilo linalingana na reli ilivyokuwa baada ya mwaka 1901. Mwaka 1899 nyoka alikuwa amefika Nairobi tu. Kwa kipimo cha al-Khatib, sehemu hii ya matini ina alama ya wakati wake: kwa sura tuliyo nayo leo, ilikamilika baada ya reli kufika ziwani, au angalau ilirekebishwa ili ilingane nayo. Hukumu hii haisemi kwamba Syokimau hakuishi, wala haisemi kwamba hakutabiri lolote. Al-Dhahabi hakumkana Bahira kwa kuikataa riwaya ile. Inasema tu kwamba riwaya tunayoisikia haiwezi kutumiwa peke yake kuthibitisha utangulizi wa utabiri.

Baada ya hukumu hiyo kazi ya ufasiri ndiyo inaanza. Kwa nini watu walioiona reli ikijengwa walihitaji kusema kwamba mmoja wao alikwisha kuiona? Serikali ya kikoloni iliieleza reli kama akili ya Mzungu iliyoshinda pori. Habari ya Syokimau inaiondolea reli upya wake. Inasema kwamba mgeni alikuja na kitu kilichokwisha kutajwa Kikamba, na mwanamke wa Ukambani, bila kusafiri, alikijua mwanzo wake na mwisho wake. Kuhusu moto wa mifukoni, yaani kiberiti, habari inafanya vivyo hivyo: inakipokonya chombo cha mgeni maajabu yake. Tukiilazimisha habari hii iwe ushahidi wa tarehe, tunapata ushahidi dhaifu. Tukiisoma kama jibu la waliopitiwa na reli, tunapata mojawapo ya maandiko makali zaidi ya uhakiki wa ukoloni katika fasihi simulizi ya Kenya.

Upokezi bado unaendelea. Mwezi wa Novemba 2012 kituo cha garimoshi kilichoitwa Syokimau kilifunguliwa katika kaunti ya Machakos, na mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi ikiwa na vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Jina la mwathani na garimoshi sasa vimekutana katika tiketi moja. Msimulizi aliyeisikia habari baada ya mwaka 2012 hayuko katika tabaka moja na aliyeisikia mwaka 1960, na mtafiti asiyeandika tarehe ya kusikia atawachanganya.

Yampasayo mtafiti

Zipo pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba sanad ni chombo cha dini moja, na kukileta katika habari za Wakamba ni kuzivika nguo isiyo yao. Tunajibu kwamba swali la nani kakuambia si la dini yoyote. Jan Vansina, alipoandika mwaka 1961 juu ya mapokeo simulizi ya Afrika, alizungumzia naye mlolongo wa ushahidi. Wanasira waliliuliza swali hilo mapema na kwa nidhamu, na nidhamu yao ndiyo tunayoiazima.

Pingamizi ya pili ni kwamba fasihi simulizi ni utendaji, na kuifuatilia hadi asili yake ni kuiua. Pingamizi hii ina uzito, kwa sababu msimulizi wa Makueni anayeongeza kituo cha Emali katika hadithi yake hajakosea, bali anatunga. Lakini hatuwezi kuujua utunzi wake bila kujua alichokipokea. Anayeiona nyongeza ni yule tu aliyeifuatilia sanad.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa wanafunzi wa uzamili wanaokusanya habari Kitui na Makueni. Kwanza, kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyesimulia, iwapo ameridhia, aliyemsimulia yeye, na wakati alipoisikia. Pili, msimulizi aulizwe kama aliisikia kabla ya kuanza shule au baadaye. Tatu, riwaya mbili zisiunganishwe kuwa moja bila msomaji kuambiwa. Nne, vitabu vya zamani vitendewe vivyo hivyo. Charles Dundas, aliyekuwa afisa wa serikali, alichapisha makala kuhusu historia ya Kitui mwaka 1913. Gerhard Lindblom alikusanya habari za Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baina ya mzee aliyesema na mwandishi wa aina hii huwapo mara nyingi mkalimani asiyetajwa, na mpokezi asiyejulikana ni udhaifu katika sanad ya kitabu kama alivyo katika sanad ya mdomo. Majina ya mahali nayo yahitaji uangalifu. Wilaya ya Makueni ilitengwa na Machakos mwaka 1992, hivyo rekodi ya awali inayosema Machakos huenda inazungumzia Kilungu au Kibwezi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba habari ya Krapf juu ya Kivoi na habari ya wazee juu ya Syokimau ni riwaya zote mbili. Ya kwanza ina mpokezi mmoja anayejulikana, mwenye ukweli katika mengi na maslahi katika jambo hili. Ya pili ina wapokezi wengi, ambao tabaka lao la juu halijulikani na ambao matini yao imebeba alama ya mwaka 1901. Hakuna iliyo juu ya mwenzake kwa sababu tu imeandikwa au imesemwa.

Wazee walioweza kumtaja mwenye kumsikia mtu aliyemjua mtu wa msafara wa Kivoi wanapungua. Matini zao zimerekodiwa kwa wingi, katika kanda na katika tasnifu. Sanad zao hazikurekodiwa, nazo ndizo zisizoweza kukusanywa tena baada yao. Idara zetu zikiendelea kupokea tasnifu zinazosema wazee wanasema na kuishia hapo, kizazi kijacho kitakuwa na habari nyingi za Kitui na Makueni kisizoweza kuzipima, na kitarudi kwa Krapf kwa kukosa mwingine wa kumuuliza.